Shingo ya Bundi: Kuizoea Miwani ya Progresivu

Siku ya tatu baada ya kuvaa miwani yangu mpya niliruka mfereji ambao mtoto wa miaka saba anauvuka bila kuutazama. Ilikuwa Kasansa, katika Halmashauri ya Mpimbwe, mwezi wa Juni, mpunga umeshakatwa na majaruba yamekauka. Nilikuwa natembea juu ya tuta nyuma ya shemeji yangu. Nikashusha macho nione ninapokanyaga, ardhi ikanijia juu, imejaa ukungu na kubwa kuliko ilivyo, nikainua mguu kama jogoo aliyeingia matopeni. Mjukuu wake aliyekuwa nyuma yetu akauliza kwa adabu zote, "Samahani babu, unaruka nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nalitoa kwa sababu nawaona watu wa rika langu wakirudi kutoka Mpanda, Mbeya au Dar es Salaam na miwani ya aina hii, wakaivaa siku nne, kisha wakaifungia kabatini wakilalamika kwamba inawaumiza kichwa. Mara nyingi miwani haikuwa na kosa, ila mwenyewe hakuelezwa jinsi ya kuitumia. Mara nyingine miwani ilikuwa na kosa kweli, naye akaulaumu uzee wake bure. Anayeweza kuzitofautisha hali hizi mbili haponyi pesa zake tu, huponya na magoti.

Tuanze na jicho. Ndani yake kuna lenzi hai, ambayo utotoni ni laini kabisa. Misuli inayoizunguka ikikaza, lenzi hutuna, na mtoto wa miaka kumi anaweza kusoma maandishi yaliyo sentimita saba au nane tu kutoka usoni. Lenzi hiyo hukakamaa kidogokidogo miaka yote, ila hatuna habari mpaka tunapokaribia miaka 45, pale ujumbe wa muamala kwenye simu unaposogezwa mbele hadi mkono unakwisha. Si ugonjwa, na wala hukujiletea kwa kusoma gizani. Karoti hazirudishi ulaini huo, wala mazoezi ya macho.

Wala si shida ya wasomi peke yao. Watafiti waliowapima wanavijiji wa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, waliwakuta zaidi ya watu sita katika kila kumi wenye miaka 40 na kuendelea wana hali hii, na walio wengi mno hawakuwa na miwani yoyote. Kilichonigusa ni orodha ya kazi zilizowashinda: kupepeta nafaka, kuchambua mchele, kurekebisha taa, kushona. Ukiishi Kasansa unaijua picha hiyo. Mama ameshika ungo wa mchele, ameusogeza mbali na uso, bado jiwe linapita na kwenda kuvunja jino la mgeni.

Dawa yake ya zamani ni lenzi ya kukuza kwa ajili ya karibu. Tatizo ni kwamba lenzi hiyo inaharibu mbali: ukiinua kichwa kumtazama aliyebisha hodi, unaona kivuli tu. Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa kutega umeme wa radi, alieleza katika barua ya mwaka 1785 kwamba alikuwa amekata lenzi za miwani mbili na kuziunganisha nusu kwa nusu katika fremu moja, ya mbali juu na ya karibu chini. Alikuwa Ufaransa wakati huo, akafurahi kwamba mezani anaona chakula chake na pia nyuso za wanaozungumza, jambo lililomsaidia kukielewa Kifaransa. Hiyo ndiyo baifoko, ile yenye kijidirisha au mstari unaoonekana. Mwaka 1959 mhandisi wa Kifaransa, Bernard Maitenaz, aliingiza sokoni lenzi isiyo na mstari, ambayo nguvu yake inaongezeka taratibu kutoka juu kwenda chini. Hiyo ndiyo progresivu.

Kuielewa, fikiria njia ya ng'ombe. Sehemu ya juu ya lenzi ni malisho mapana, unaona mbali pote. Katikati njia inabana, ikishuka kwa milimita 11 hadi 18 hivi, na humo ndimo unamoona vitu vya umbali wa mkono: sura ya mteja ng'ambo ya kaunta, kompyuta, sufuria jikoni. Chini kabisa kuna kisima kidogo, mahali pa kusomea. Kulia na kushoto kwa njia hiyo ni vichaka: ukitazama kupitia huko, mlango unapinda na sakafu inayumba. Vichaka hivyo si ulaghai wa muuzaji. Mwanahisabati Mjerumani Minkwitz alionyesha mwaka 1963 kwamba nguvu ya lenzi ikiongezeka kwenda chini, lazima upotoshaji utokee pembeni, na jinsi nguvu inavyopanda haraka ndivyo pembeni panavyochafuka. Lenzi ya bei kubwa huvisukuma vichaka mbali kidogo, haivifyeki. Ndiyo maana mtu wa miaka 46 anayehitaji nyongeza ndogo ya kusomea huzoea haraka, na wa miaka 68 anayeianza leo, akiwa na nyongeza kubwa, hutoka jasho.

Sasa shingo. Maisha yako yote umekuwa ukitazama pembeni kwa kuzungusha macho. Kinyonga ni bingwa wa mtindo huo: kichwa kimetulia, macho yanazurura. Ukiwa na progresivu, acha ukinyonga uwe bundi. Bundi hawezi kuyazungusha macho yake, kwa hiyo hugeuza kichwa kizima. Najua bundi hana sifa nzuri kwetu, lakini kwa hili ndiye mwalimu. Unapotaka kuona kitu, kielekeze pua. Mtu amekuita kushoto? Geuza pua. Unasoma ukurasa mpana? Kichwa kifuate mstari, au usogeze ukurasa wenyewe. Kwa kusoma, kidevu kibaki mahali pake na macho yashuke. Wengi hukosea kwa kuinamisha kichwa kama walivyozoea na miwani ya kusomea, kisha wanajikuta wakisoma kupitia sehemu ya mbali na kuona ukungu.

Kwa miguu ni kinyume chake, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Ukishusha macho kutazama ardhi, unapita kwenye kile kisima cha kusomea, kilichotengenezwa kwa umbali wa sentimita 40. Miguu yako iko mbali zaidi ya mita moja na nusu. Kwa hiyo ardhi inakuwa na ukungu, inaonekana kubwa na imesogea. Dawa ni kukishusha kidevu mpaka kikaribie kifua, ili macho yapite sehemu ya juu ya lenzi. Fanya hivyo kwenye ngazi, kwenye kizingiti, unaposhuka kwenye basi, na juu ya tuta la jaruba. Shika kinachoshikika. Kwa wiki mbili za mwanzo usione haya kutembea na fimbo. Huku kwetu mzee mwenye fimbo haulizwi.

Jambo hili si la kuchekea tu. Katika utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la BMJ, wazee 606 waliozoea kuvaa miwani ya lenzi zenye nguvu zaidi ya moja waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa pia miwani ya kawaida ya kuonea mbali tu, wakashauriwa kuivaa wanapotembea nje. Miongoni mwa waliokuwa na desturi ya kutoka sana, waliopewa miwani ya pili walianguka mara chache zaidi, kwa asilimia 40 hivi. Lakini kwa wale wa kukaa ndani, ambao hutoka kwa nadra, kubadilishabadilisha miwani hakukuwafaa. Walipotoka walianguka zaidi. Ninavyousoma mimi, utafiti huo unamhusu mtu wa Kasansa moja kwa moja. Wewe unayeshinda shambani, kwenye mifereji na visiki, uwe na miwani ya mbali tu kwa kazi hiyo, au kama macho yako ya mbali ni mazima, vua miwani kabisa uendapo shamba. Bibi anayeshinda barazani naye abaki na jozi moja aliyoizoea.

Hilo linaniletea swali ambalo dukani huwezi kuulizwa: je, unaihitaji progresivu kweli? Bei yake ni mara kadhaa ya miwani ya kusomea. Mkulima anayeona mbali vizuri, ambaye shida yake ni mchele, sindano na simu, kwa maoni yangu miwani rahisi ya kusomea inamtosha, na ile inayouzwa tayari haitamharibu macho, mradi macho yote mawili yana hali moja na amepimwa angalau mara moja kuhakikisha hana ugonjwa mwingine. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi walipopewa miwani ya karibu, kiasi walichochuma kilizidi kile cha wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018. Ilikuwa miwani ya kawaida tu.

Fundi cherehani naye afikiri mara mbili. Kazi yake ni karibu tu, kutwa, na anahitaji uwanja mpana wa karibu, si kile kisima kidogo cha chini. Fundi anayepiga misumari darini atateseka zaidi, kwa sababu kazi yake ya karibu iko juu ya kichwa, mahali ambapo lenzi imewekwa kwa ajili ya mbali. Anayenufaika ni mtu ambaye macho yake hupanda na kushuka mara mia kwa saa: mwalimu kati ya daftari na wanafunzi wa nyuma, muuza duka kati ya rafu na kitabu cha madeni, karani wa ghala kati ya mizani na risiti, kiongozi wa kwaya, mwenyekiti wa kijiji anayesoma muhtasari huku akitaka kujua nani amenyoosha mkono.

Ukishaamua, safari ya Mpanda ipange vizuri. Kama una kisukari, usipime miwani wiki ambayo sukari inapanda na kushuka. Lenzi ya jicho hufuata sukari, na namba utakayopewa leo haitakuwa yako mwezi ujao. Kama una miaka 60 na kitu na ghafla umeanza kusoma bila miwani, usishangilie. Huenda ni mtoto wa jicho anakomaa na kubadilisha namba, na hapo unahitaji daktari wa macho kabla ya muuza lenzi. Mwombe anayekupima aangalie pia presha ya macho, maana hiyo huiba uoni bila maumivu.

Fremu isiwe ile nyembamba ya mtindo. Njia ya ng'ombe inahitaji nafasi ya kushuka, kwa hiyo chagua lenzi yenye kimo cha milimita 30 hivi, ikae karibu na macho bila kugusa kope. Fremu irekebishwe usoni mwako kwanza, ndipo vipimo vichukuliwe. Mtaalamu anapaswa kupima umbali kutoka katikati ya pua hadi mboni ya jicho la kulia, kisha la kushoto, kila moja peke yake, maana uso wa binadamu haujakatwa sawa; na aweke alama kwenye lenzi mbele ya mboni ukiwa umesimama au umekaa kawaida, unamtazama usoni. Asipofanya hivyo, akachukua namba tu na pesa, mwambie kwa heshima kwamba utarudi, na usirudi.

Omba karatasi yenye namba zako zote na vipimo hivyo vya mboni. Uliza pia, na iandikwe kwenye risiti, una siku ngapi za kurudisha lenzi isipokufaa. Siku ya kuichukua, usikimbilie basi. Kaa mjini saa mbili tatu ukiwa umeivaa, tembea nje, panda na kushuka ngazi, soma simu, kisha rudi dukani kabla hawajafunga. Ukiweza kulala Mpanda usiku mmoja, lala. Na njiani kurudi, kupitia Sitalike na Hifadhi ya Katavi mpaka Kibaoni na kuingia bondeni, vaa ile ya zamani. Vitu vinavyokimbia dirishani ndivyo vinavyochafua kichwa zaidi kwa mgeni wa progresivu, na hata viboko wa Mto Katuma hawatakufurahisha ukiwa na kichefuchefu.

Nyumbani, ianze asubuhi macho yakiwa hayajachoka. Siku ya kwanza kaa nayo ukiwa umetulia, tazama mti ulio mbali, kisha uso wa mtu, kisha kitabu, halafu rudi kwenye mti. Kesho yake tembea uani. Pikipiki na baiskeli ziwe za mwisho, sakafu ikishatulia. Usiichanganye na ile ya zamani kila baada ya saa moja. Ubongo ndio unaojifunza, nao haujifunzi ukibadilishiwa somo kila mara. Kichwa kizito, kuyumbayumba na uchovu wa macho ni mambo ya kawaida kwa siku chache, na wengi huzoea ndani ya wiki mbili. Kusoma umelala chali sahau, hiyo miwani haikutengenezwa kwa mto. Weka ya kusomea karibu na kitanda.

Wiki mbili zimepita na hali ni ileile? Basi acha kujilaumu, fanya majaribio haya. Simama utazame kitu cha mbali, mfano kibao cha barabarani. Kama kina ukungu lakini kinasafika ukishusha kidevu kidogo, lenzi imekaa juu mno na unatazama mbali kupitia njia ya katikati. Kama mbali ni safi lakini kusoma kunakulazimisha kuinua kidevu kama mtu anayenyolewa ndevu, imekaa chini mno. Makosa haya mawili mara nyingi yanatibika kwa kurekebisha vile vipande viwili vinavyokaa puani, kazi ya dakika tano. Kama maandishi yanasomeka tu ukisogeza kitabu upande mmoja, umbali wa mboni ulipimwa vibaya, na hapo lenzi inabidi itengenezwe upya. Ziba jicho moja, kisha lingine: likiwa moja safi na jingine halisafiki kwa umbali wowote, ama namba imekosewa ama jicho hilo lina jambo.

Kabla ya yote, tazama kama miwani imeshuka puani. Bonde la Rukwa lina joto, jasho linatelezesha, na kila milimita inayoshuka inahamisha njia na kuibana. Kamba ya nyuma ya shingo si urembo wa wazee, ni kifaa. Na ukitaka kuhakikisha ulipewa progresivu uliyolipia, ipumulie lenzi kisha iinamishe kwenye mwanga. Utaona alama mbili ndogo zilizochongwa, kushoto na kulia, na chini ya mojawapo, kwa kawaida upande wa sikio, tarakimu za nyongeza ya kusomea. Mtaalamu huzitumia kuangalia kama lenzi iko mahali pake. Zisipoonekana kabisa, uliza.

Kuna dalili ambazo si za miwani, na hizi usizisubirishe wiki mbili. Vua miwani, ziba jicho moja, tazama fito za dirisha. Mistari ikipinda katikati kwa jicho moja bila miwani, shida iko ndani, sehemu ya nyuma ya jicho. Pazia jeusi linaloshuka, mimweko ya ghafla kama radi, vidoti vingi vyeusi kwa mara moja, jicho jekundu lenye maumivu na ukungu, kuona vitu viwiliviwili, au jicho kupoteza uoni ghafla: hospitali siku hiyohiyo.

Utunzaji ni mfupi. Vumbi la pumba za mpunga ni msasa. Usifute miwani kavu kwa pindo la kanga au shati. Imwagie maji kwanza, tia tone la sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Usiiache kwenye dashibodi ya trekta juani, utando wa lenzi utapasuka. Ile ya zamani usiigawe, maana siku utakayoikalia hii mpya inakuja.

Mimi mfereji ule bado nauvuka. Nikifika kwenye tuta navua miwani, naitia kwenye kasha lake mfukoni, navuka kama watu wengine, kisha naivaa tena tukifika kwenye turubai la mchele, ambako shemeji ananikabidhi ungo. Mjukuu ameacha kuniuliza. Ananiita Bundi, kwa sauti ya chini, akidhani masikio nayo yamezeeka.